Buli Linacheza Mezani: Jua Kwanza Nani Anayecheza

Buli la kwanza nililojaribu kulirekebisha nililiua mwenyewe. Shangazi yangu wa Newala ndiye aliyenipa: la udongo mwekundu, limefinyangwa kwa mkono, shingoni lina michoro ya vidoto vidoto. Nililiweka mezani, likawa linacheza. Nikalipeleka barazani kwenye sakafu ya saruji, nikamwaga maji kidogo, nikalisugua kama anayenoa panga. Nikalirudisha mezani, bado linacheza. Nikarudi barazani. Safari ya tatu nikaona basi, litakavyokuwa na liwe. Jioni nikamimina chai ya mchaichai, tukaweka na sahani ya ming'oko, mizizi ya porini ya kula, na kabla sijamaliza kumenya mng'oko wa pili nikaona maji yanatambaa kuelekea ukingo wa meza. Kitako kilikuwa kimebaki chembamba kama ganda la yai.

Na sijasema ubaya wenyewe. Buli halikuwa na kosa. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umekingiwa kipande cha boksi la kiberiti, nacho kilikuwa kimechomoka siku nyingi.

Tangu hapo nimeshughulikia mabuli mengi, ya kwangu na ya wateja, hapa Mtwara mjini na mara chache Lindi. Nitayapitia kwa dalili, maana mtu hajui sababu. Anachokijua ni kwamba chombo hakitulii. Kazi nyingi hapa ni ya kuangalia. Ya kusugua ni kidogo sana, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Kwa nini ya mkono yanacheza kuliko ya dukani

Buli la kiwandani hutolewa kwenye kalibu na kitako chake husawazishwa kabla halijaingia tanuri. La kwetu hujengwa kwa mkono, hukauka upepo unavyotaka, kisha huchomwa kwa kuni. Mjerumani Karl Weule alipozunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, wanawake wa huku walikuwa wakifinyanga bila gurudumu, na wengi bado ndivyo wanavyofanya.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba chungu chetu hakikuumbwa kwa ajili ya meza. Chungu cha kupikia na mtungi wa maji vina kitako cha mviringo. Huketi kwenye mafiga matatu, au kwenye kata ya kichwani, au kwenye mchanga wa pembeni ya nyumba, na huko havichezi hata siku moja. Buli la chini bapa ni ombi la juzi, la watu wenye meza za vioo. Mfinyanzi anayekufanyia buli anaufundisha mkono wake kitu kipya. Likicheza kidogo usimwone hajui kazi.

Linacheza mahali pamoja, pengine limetulia

Anza hapa, hata kama una hakika. Weka buli mezani, mdomo uelekee dirishani. Ligonge kidogo kwa kidole upande huu na huu, uone linainamia wapi. Sasa ligeuze robo, mdomo uelekee mlangoni, ugonge tena. Kama bado linainamia upande uleule wa chumba, kosa ni la meza. Kama uinamaji umegeuka pamoja na mdomo, kosa ni la buli.

Kwa uhakika zaidi tafuta kipande cha kioo cha dirisha. Mafundi wa vioo huwa na masalia. Omba chenye unene wa milimita 5, kikubwa kama daftari. Kilaze juu ya taulo iliyokunjwa vizuri, ujaribu buli juu yake. Vigae vya marumaru si vya kuaminika sana, vingi vina tumbo kidogo katikati ambalo macho hayalioni.

Na kabla hujaendelea, toa kitambaa. Sebule zetu zina vitambaa vya kufuma, na kila ua la kitambaa lina fundo. Nimewahi kuletewa buli zima kabisa kutoka Mikindani, limefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga, kumbe lilikuwa limekaa kwenye fundo la ua.

Linacheza pande mbili tu: tk, tk

Unaligonga mbele, linarudi nyuma, linatulia. Ukiligonga kwa ubavu halitikisiki. Sauti yake ni kavu, ya haraka. Hapa kitako kimejikunja kama tandiko la punda: sehemu mbili zinazokabiliana zimeshuka, mbili zimeinuka. Buli linasimama kwenye zile mbili zilizoshuka na kupembea kati yake.

Chanzo karibu kila mara ni ukaukaji. Udongo ukikauka husinyaa. Upande uliopigwa na upepo wa kusi hutangulia kusinyaa na kuvuta ule ulio bado mbichi, na kitako, kwa kuwa kimefunikwa na uzito wa chombo, ndicho cha mwisho kukauka. Chanzo kingine ni kunyanyua buli likiwa bado laini, kwa mikono miwili, na kubonyea pale vidole viliposhika. Ukiangalia chini kwa mwanga wa pembeni utaviona vidole vya mfinyanzi. Mimi hupenda sana kuviona.

Sasa pima, na kipimo hakina gharama. Chukua karatasi za kuchapishia, zile za kawaida za gramu 80. Kila moja ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiwa umeliweka buli juu ya kioo, ingiza karatasi moja kwenye mwanya, kisha ya pili, ya tatu, mpaka buli litulie. Hesabu. Karatasi tano ni nusu milimita. Kumi ni milimita nzima.

Hadi karatasi tano, kusugua kunatosha na hakuna atakayejua. Kati ya tano na kumi, inategemea unene wa kitako, na kuujua huo ni rahisi: laza kijiti juu ya mdomo mpana wa buli, kifuniko kikiwa kimetolewa, ushushe kijiti cha pili wima mpaka kiguse ndani chini, ukitie alama kinapokutana na kile cha juu. Kisha pima kimo cha nje kutoka mezani hadi kijiti kilekile cha juu. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo unene wa kitako. Mimi sikubali kubakiza chini ya milimita 4. Zaidi ya karatasi kumi weka msasa pembeni, nenda kwenye nukta tatu za silikoni za kubandika chini ya kitako, ambazo nitazieleza.

Linacheza upande mmoja tu, na penyewe panakwaruza

Hili ndilo jepesi kuliko yote. Pana kitu kimegandia: punje ya mchanga, kipande cha mkaa, au tone la ule mng'ao wa kioo ambao wafinyanzi wa mjini huuita glezi. Pitisha kucha chini ya kitako, utakigusa. Kwa mchanga na mkaa, dakika mbili za jiwe la kunolea visu, likiwa limelowa, zinatosha. Tone la glezi ni gumu na ukilivunja linaacha makali ya kukata. Lisugue taratibu kwa jiwe hilohilo, usiligonge kwa nyundo.

Linazunguka kama pia

Ukiligusa halirudi, linazunguka. Weka kidole mkononi mwake ulisukume, litakuonyesha nyuso zake zote. Kitako kimefura kuelekea nje, na buli linasimama kwenye nukta moja katikati.

Huyu ndiye mgonjwa anayeuawa zaidi na msasa. Mtu anaona uvimbe, anausugua. Lakini ule uvimbe si udongo wa ziada. Mara nyingi kitako kimesukumwa kutoka ndani, na unene wake pale katikati ni uleule wa pembeni, au pungufu. Ukiondoa uvimbe umeondoa kitako. Ndivyo shangazi yangu alivyoniambia nilipompelekea yale mabaki, huku anacheka: "Mwanangu, umelichuna."

Dawa ya huyu ni kata. Nazungumzia kata ileile ya kubebea ndoo kichwani, ila ndogo na safi. Waombe akina mama wanaosuka mikeka wakusukie ya ukindu, ndani wajaze majani makavu ya mgomba, nje wazungushie ukili uliotiwa rangi. Tundu la katikati liwe na upana wa karibu theluthi mbili ya upana wa kitako. Likiwa pana kuliko hapo buli linazama na kugusa meza, likiwa dogo linakaa juu juu na kuyumba upya. Kata nzuri hushika buli kwa duara zima, uvimbe ukiwa unaning'inia katikati bila kugusa kitu.

Wateja wa mjini huogopa kwamba kata itaharibu sura. Mimi naona kinyume chake. Buli jekundu juu ya ukindu wa rangi ya zambarau ni kitu cha kumfanya mgeni aulize. Tena hukinga vanishi ya meza dhidi ya joto. Shida yake ni moja: ikilowa chai yenye sukari huleta sisimizi, na kwa unyevu wa pwani huota ukungu. Isugue kwa maji, uianike juani, uwe na mbili za kubadilishana.

Asiyetaka kata anaweza kutumia nukta tatu, mradi ziwe na kimo kupita uvimbe. Hapo buli linaonekana limeinuka kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Likiwa tupu limetulia, likijaa linainama

Mama mmoja wa Shangani, hapahapa Mtwara, aliniletea buli kubwa la Masasi, la vikombe kama vinane. Nilipomwamkia na kumkaribisha kiti alikataa kukaa.

"Marahaba. Fundi, hili limenishinda. Asubuhi halina neno. Nikilijaza tu linataka kulala."

"Linalalia upande gani, mama?"

"Huku kwa mkono. Nilimwambia mume wangu akasema ni mimi nimeliweka vibaya. Miaka yote naweka vyombo mimi, leo nimesahau?"

Nililiweka kwenye kioo. Kitako kilikuwa sawasawa, karatasi hata moja haikupita. Nilipojaza maji likaanza kusitasita, na nilipoligusa kwa kidole upande wa mkono likaenda lote, nikalidaka. Hapa hakuna cha kusugua. Tatizo ni uzito: tumbo pana limekaa juu, kitako kina upana mdogo, na mkono ni mnene, umebandikwa mbali na mwili. Maji yakipanda, uzito unapanda nayo, na kitako kinashindwa kuubeba.

Kwanza nilimwambia asilijaze kupita robo tatu. Alinikazia macho, kwa hiyo tukaenda kwenye la pili, yaani kupanua msingi bila kugusa buli. Kata pana ni njia mojawapo. Nyingine ni kigoda cha mbao cha duara, kilichochongwa shimo kidogo la kukaliwa na kitako. Wachongaji hawakosekani kwa Wamakonde, na mpingo ni mzito wa kutosha kushika chini. Alichagua kigoda. Kina upana wa sentimita 16 wakati kitako cha buli ni 9, na shimo lina kina cha milimita 6 tu.

Tahadhari kwa watakaotaka nukta tatu kwenye buli la namna hii. Jifya moja haliinjiki chungu, mawili nayo vilevile. Matatu hayachezi hata kwenye ardhi mbovu, kwa sababu nukta tatu hukuta uwanda wake popote zilipo. Lakini kutocheza na kutoanguka ni vitu viwili. Chukua kitako cha upana wa sentimita 10. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 5, na buli lisilo na nukta likitaka kuanguka lazima uzito wake uvuke hizo 5. Ukiweka nukta tatu ukingoni, palipo na nukta pamebaki na 5, ila katikati ya nukta mbili mpaka umesogea hadi sentimita 2.5. Umelifanya litulie na papo hapo umelirahisishia kuanguka. Kwa hiyo nukta moja lazima iwe chini ya upande mzito hasa, na buli lenye kitako cha upana mdogo lisiwekwe nukta kabisa.

Upande mzito unajulikana hivi: laza kalamu ya biki kwenye kioo, uweke buli juu yake likiwa na maji nusu, kalamu ikipita katikati ya kitako kutoka ubavu hadi ubavu. Lishike kwa mikono yote miwili, ulegeze kidogo. Linakoelekea ndiko kuzito. Mara nyingi ni mkononi, si mdomoni kama watu wanavyodhani.

Lilikuwa zima mwaka mzima, sasa limeanza kucheza

Geuza uangalie kitako. Ukiona kishimo kama kilichobanduliwa, na katikati yake nukta nyeupe, umeshakutana na chokaa. Udongo uliochotwa karibu na pwani huweza kuwa na vipande vidogo vya matumbawe au kombe. Moto ukipanda vya kutosha hugeuka chokaa, ileile ya kuchoma matumbawe iliyojengea majumba ya zamani ya Mikindani na Kilwa Kisiwani. Ikikaa hunywa unyevu, huvimba, na kubandua udongo ulio juu yake. Inaweza kutokea wiki kadhaa baada ya kuchomwa, au miezi, na hewa yetu ya bahari huharakisha. Banduko likiwa ukingoni mwa kitako, buli limepoteza sehemu ya mguu.

Chokonoa ule weupe wote kwa msumari mwembamba, maana ukibaki utavimba tena. Acha kikauke. Kisha saga kigae cha chungu kilichovunjika cha rangi inayofanana, upepete kwa kitambaa cha nailoni, uchanganye unga huo na gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Jaza kishimo, kiinuke kidogo, siku ya pili ukisawazishe kwa msasa. Rangi inakubali kiasi cha kuhitaji kutafuta kwa macho. Ila epoksi nyingi za kawaida huanza kulegea kwenye joto la kati ya nyuzi 50 na 80, na kitako cha buli lenye chai hufika huko. Kwa hiyo hiyo ni ya kujaza na kupendezesha. Uzito ubebwe na nukta tatu za silikoni. Na kamwe epoksi isiguse ndani panapokaa chai.

Ukiona badala yake utando mweupe wa unga na udongo unamomonyoka kama biskuti, hiyo ni chumvi. Chombo cha moto mdogo hunywa maji. Maji yakikauka huacha chumvi, nayo hukua ndani ya vitundu na kusukuma. Loweka buli kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ubadilishe kila siku kwa siku tatu au nne, kisha likauke kivulini kabla hujafanya jambo lingine. Wanaoosha vyombo kwa maji ya kisima cha pwani huliona hili zaidi.

Likigongwa linatoa sauti ya debe

Ning'iniza buli kwenye kidole kwa mkono wake, ukinge chini kwa kiganja kingine, uligonge kwa ukucha. Zima hulia, hata kama kwa sauti nene. Lenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Ufa kitakoni hukifanya kicheze kwa sababu vipande viwili vimepandana kwa unywele. Usisugue, usigundishe ukaendelea kunywea chai. Liweke kabatini na maua makavu, au litie karafuu.

Namna ya kusugua bila kuharibu

Kwanza hakikisha ni buli la udongo usio na glezi chini. Halafu angalia kama mfinyanzi ameacha alama yake kitakoni. Kama ipo ukingoni, mahali msasa utakapopita, usisugue. Alama ya mkono wa mtu ina thamani kuliko kutulia kwa meza yako.

Lowesha buli zima ndani ya beseni kwa dakika kumi. Vumbi la udongo uliochomwa lina mchanga wa silika unaodhuru mapafu, kwa hiyo kazi yote ifanyike kwenye maji, na nikisema maji simaanishi kunyunyiza. Laza msasa wa maji namba 120 juu ya kioo, umwagie maji ukae kama umenata. Chora chora ukingo wote wa kitako kwa penseli. Kwa buli jeusi tumia chaki ya nta. Shika buli chini kabisa, karibu na kitako, si kwa mkono wake wala kwa mdomo, maana hapo ndipo huvunjika. Zungusha kwa duara dogo mara kumi, bila kukandamiza, uzito wake unatosha. Kisha ligeuze robo na urudie. Kugeuza huko ni lazima: mkono wa kulia daima huelemea upande mmoja, na usipogeuza utalifanya buli la kuinama.

Baada ya mizunguko minne inua, tazama penseli. Ilipofutika ndipo palipokuwa pamezidi. Suuza, lijaribu kwenye kioo kitupu, hesabu karatasi upya. Acha karatasi moja ikiwa bado inaingia, usitafute ukamilifu. Meza yako yenyewe haiko hivyo. Malizia kwa namba 220 na 400 mpaka ukingo uteleze kidoleni na usikwaruze kabati.

Palipopita msasa patakuwa na rangi ya kupauka. Chemsha majani mengi ya chai kwa maji kidogo, yawe meusi, uyapake moto moto kwa pamba mara tatu, yakikauka kila mara. Kwenye udongo mwekundu panarudi vizuri. Buli jeusi la moshi hulipaka masizi ya chini ya sufuria yaliyokorogwa na chai hiyohiyo. Nta ya nyuki hung'arisha kweli, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu, na utakuta duara la nta mezani. Kiwi ya viatu sitaki hata kuisikia.

Likaushe kivulini siku mbili kabla hujatia chai. Buli lililonywa maji likimiminiwa yanayochemka hupasuka, na hapo utasema msasa ndio ulioponza.

Nukta tatu

Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, mwombe silikoni isiyo na rangi. Akishamaliza kazi mara nyingi mrija haujaisha. Hiyo hustahimili joto la chai bila wasiwasi, na hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo huku pwani tunabahatika. Ile yenye harufu kali ya siki ni sawa, harufu huisha ikikomaa.

Geuza buli juu ya taulo. Futa ukingo wa kitako kwa spiriti, uache ukauke. Weka nukta tatu, kila moja kama punje ya mbaazi, zikiachana sawasawa, moja chini ya upande mzito. Tandaza mfuko wa nailoni juu ya kioo, upake maji ya sabuni. Sasa geuza buli polepole, ulishushe wima juu ya nailoni, uliache litulie kwa uzito wake mwenyewe. Weka pimamaji juu ya mdomo mpana, ubonyeze upande uliopanda mpaka kiputo kikae kati. Usiliguse tena kwa saa 24. Ukilibandua siku ya pili, nukta zitakuwa bapa chini, na kila moja itakuwa na kimo chake, kulingana na kasoro ya pale ilipo. Ukisimama huwezi kuziona. Siku ukichoka nazo unazibandua kwa kucha na buli linabaki kama lilivyotoka kwa mfinyanzi, jambo ambalo msasa hauwezi kukuahidi.

Vipande vya ndala navijua, kila nyumba imejaribu. Vikipata joto hulainika na kuacha alama kwenye vanishi. Vibandiko vya manyoya vya miguu ya viti hunywa chai na kunuka. Supaglu hukauka kuwa kigumu kisichopenda joto wala maji, na baada ya mwezi utaokota vipande.

Halichezi, ila linagonga

Wengine huleta buli wakisema linacheza, kumbe ni kifuniko. Kishike kifuniko kwa kidole, ugonge tena meza. Sauti ikikata umempata. Kifuniko cha mkono hukaa vizuri upande mmoja tu, ule kilipokaushiwa. Kizungushe kidogo kidogo mpaka kinyamaze, kisha weka alama ya penseli chini ya ukingo wake na nyingine ndani ya shingo, mahali pasipoonekana. Yule mama wa Shangani alirudi wiki iliyofuata kwa hilo tu. Kigoda kilikuwa kinafanya kazi yake, buli limejaa hadi shingoni kama nilivyomkataza, na kifuniko kinapiga kelele. Tulikizungusha nusu.

"Kumbe," akasema, akakaa kitini.